Kila mama anaijua miezi sita, lakini nani amemfundisha dalili za mtoto aliyeshiba?

Mwanzisha uzi

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa uzi huu ni mrefu na jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni kwa miaka kadhaa.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa na kilo 3.2. Nilikuwa nimehudhuria kliniki zote, nimesikiliza masomo yote ya asubuhi tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na kama ungeniuliza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa muda gani, ningekujibu bila kusita kuwa ni miezi sita. Wiki ya saba mtoto alianza kulia kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku. Alishika titi, akanyonya kidogo, akaliachia, akalia, akalitafuta tena. Mama mkwe, ambaye amelea watoto sita na ananipenda kama binti yake, alimtazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Huyu hashibi, mwanangu. Maziwa yako ni mepesi." Jioni ya tatu alikoroga uji mwembamba, akauchuja kwa kitambaa cheupe, akampoza nao kijiko kwa kijiko. Mtoto akalala, nasi tukalala.

Sikuwa na la kumjibu mama. Idadi ya miezi niliijua, lakini kukisoma kilio cha mwanangu sikukujua. Baada ya wiki chache maziwa yalipungua kweli, mtoto akaanza kuharisha, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukalala. Muuguzi aliyempima alinitazama akaniuliza, "Mama, si tuliwaambia miezi sita?" Nilijibu ndiyo, mliniambia. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nalia.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba wanawake wetu hawakosi elimu ya kunyonyesha kwa maana ya kuijua kanuni. Wanakosa ile sehemu ya elimu inayoifanya kanuni itekelezeke saa mbili usiku, mtoto akiwa analia na wakubwa wa nyumba wakiwa wamekaa pembeni. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka tuijadili.

Kwanza, maziwa yanatengenezwaje? Hili halikufundishwa kwenye benchi nililokalia mimi. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoliamuru titi litengeneze maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Prolaktini hutoka kwa wingi zaidi usiku, na ndiyo maana kunyonyesha usiku si anasa ya mtoto mdekaji. Oksitosini huzuiwa kwa muda na hofu, maumivu na fadhaa, kwa hiyo mama anayeambiwa mbele ya watu kuwa maziwa yake hayafai anaweza kuyaona yakigoma kutoka dakika hiyo hiyo, naye akaamini kwamba aliyoambiwa ni kweli. Tena maziwa yakikaa ndani ya titi bila kutolewa, titi lenyewe hupunguza kazi. Uji wa mama mkwe ulimpa mwanangu usingizi, ukaniondolea mnyonyo mmoja wa jioni, kisha miwili, na titi likatii.

Pili, kilio cha jioni. Kwa kawaida kilio cha watoto wachanga hupanda hadi kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Katika kipindi hicho wengi hunyonya mfululizo nyakati za jioni, kana kwamba hawakupewa kitu mchana kutwa, na kwa kunyonya huko wanaliagiza titi liongeze maziwa ya siku zijazo. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha hujulikana kwa mambo mengine kabisa: anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo wake haukolei rangi, unasikia akimeza, amerudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya takribani wiki mbili, na katika miezi ya mwanzo anaongezeka walau nusu kilo kila mwezi. Kama haya yapo, hana njaa hata akilia hadi jirani agonge mlango. Kama hayapo, tatizo ni la kweli, na mara nyingi chanzo ni namna anavyoshikishwa titi. Amebanwa kwenye ncha ya chuchu, wakati ilipasa mdomo uwe wazi kabisa, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iwe ndani. Mama mwenye chuchu zilizochanika hahitaji kuhubiriwa juu ya faida za maziwa. Anahitaji mtu wa kuketi naye kwa nusu saa na kumweka mtoto vizuri.

Nasema haya nikitambua kwamba tumepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika utafiti wa 2015/16, na wanaoanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa wamefika asilimia 70. Ile tabia ya kuikamua dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, na kuimwaga kwa kudhani ni uchafu imepungua sana, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa maziwa yale ya njano, machache kama yalivyo, yamebeba kinga na vitamini A na humsaidia mtoto kutoa choo cha kwanza.

Baada ya mwezi wa sita ndipo ninapoona giza. Watoto wa miezi 6 hadi 23 wanaopata mlo unaokubalika, kwa maana ya mchanganyiko wa vyakula na idadi ya milo kwa siku, hawafiki hata robo. Na tazameni ramani ya udumavu, yaani watoto wafupi kuliko umri wao, katika utafiti huo huo wa 2022. Wastani wa nchi ni asilimia 30, lakini Iringa ni asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto wote. Hiyo ndiyo mikoa inayotulisha mahindi, maharage na viazi. Mimi ni mzaliwa wa huko. Chakula kipo ghalani, na mama yupo shambani tangu alfajiri hadi jua linapozama, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka minane pamoja na kikombe cha uji.

Likizo iliyopita nilikaa kijijini na shangazi yangu, ambaye alikuwa akimlisha mjukuu wa miezi minane. Uji ulikuwa mweupe, laini, mwepesi wa kunywewa kikombeni. Nilimwomba aninyoshee kijiko, akakiinamisha, na uji wote ukakimbia kama maji ya mchele. Nikamweleza kwa upole kwamba tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba takribani mililita 240, yaani kikombe kimoja tu, na tukilijaza maji, unga hauna pa kukaa. Uji wa mtoto unatakiwa ubaki kwenye kijiko kinapoinamishwa. Shangazi akanijibu jambo la haki kabisa: "Ukiwa mzito hivyo hawezi kuumeza." Basi tukafanya kile ambacho Taasisi ya Chakula na Lishe ilikihimiza nchini miaka ya 1980. Shangazi alikuwa na kimea cha ulezi alichokiandaa kwa ajili ya pombe. Tukapika uji mzito unaosimamisha mwiko, tukauepua, tukauacha upoe kidogo, tukakoroga ndani yake kijiko kimoja cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache uji ukalegea mbele ya macho yetu, bila tone la maji kuongezwa, kwa sababu kimea huivunja wanga. Tukaurudisha motoni ukachemka tena, kwa usalama. Shangazi aliendelea kuukoroga kwa muda, kisha akasema, "Kumbe hiki tunawapa walevi na watoto tunawanyima." (Anayetumia kimea cha mtama akumbuke kuondoa vichipukizi na vimizizi kabla ya kusaga, kwa kuwa vina sumu.)

Naendelea kuhusu unga wa lishe, maana ndio umeshika mitaa yote. Mtu anachanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga, anasaga gunia, analihifadhi miezi mitatu. Nia ni njema, lakini nafaka tatu au nne pamoja hazimwongezei mtoto kitu kikubwa, kwa kuwa zote ni jamii moja ya chakula. Soya isiyopikwa vya kutosha ina vizuizi vya usagaji wa protini. Na karanga zikishasagwa na kukaa huharibika upesi, huku karanga na mahindi vikiwa ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na ukungu unaotoa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Maoni yangu ni kutumia nafaka moja iliyo safi, kusaga kidogo kidogo, na kuweka karanga iliyochaguliwa na kutwangwa siku hiyo hiyo wakati wa kupika. Kisha uji usiwe ndio chakula pekee. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huelekea kwisha anapofika miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Kwa hiyo ini, yai, samaki, dagaa waliosafishwa na kutwangwa wawe laini, na maharage yaliyopondwa vinatakiwa kuingia mapema, sambamba na mchicha, boga, viazi lishe, papai au parachichi. Mtoto aanze na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, aongezewe taratibu. Akitimiza miezi tisa apewe milo mitatu hadi minne pamoja na kitafunwa, na ziwa liendelee hadi miaka miwili au zaidi. Chai ya rangi tumwondolee kabisa, kwa sababu huzuia mwili kuchukua chuma, na asali tusimpe kabla ya mwaka mmoja.

Karibuni tuchangie.

Bibi wa Rombo

Mwanangu, nimesoma yote. Sisi tuliwapa wanetu uji na mtori wakiwa na miezi mitatu na leo ni watu wazima. Sikubishii, ila usituhesabu sisi bibi kama adui.

Mwanzisha uzi

Shikamoo bibi. Sikuwahesabu kama adui hata kidogo, na naomba radhi kama maneno yangu yalisomeka hivyo. Hata ushauri wa kitaalamu wa zamani ulikuwa kuanza kati ya miezi minne na sita. Mwaka 2001 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kuwa ni miezi sita kamili, kwa hiyo wengi wenu mlifuata yale mliyoambiwa wakati ule. Waliokua tunawaona. Wale walioondoka kwa kuharisha kabla ya kutimiza mwaka hawapo hapa kuhesabiwa, nawe bibi bila shaka unazijua nyumba walikotoka.

Mtori huo huo wa ndizi na nyama tunauhitaji sana, kwanza kwa mzazi mwenyewe, kisha kwa mtoto akitimiza miezi sita, ukiwa mzito na nyama ikiwa imepondwa. Ninachokuomba ni kwamba mafunzo ya kliniki yawafikie na nyinyi. Mama wa miaka ishirini na miwili hana uwezo wa kumkatalia mama mkwe ndani ya nyumba ya mama mkwe, na kumfundisha yeye peke yake ni kumtuma vitani bila silaha.

Mfanyakazi wa Zamu

Dada, haya yote mazuri, lakini mimi narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Hiyo miezi sita nitaitoa wapi?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni zito kuliko yote, dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Miezi sita ni siku 180 hivi. Kuna pengo la siku 96 ambalo serikali inamtaka mama alitimize na sheria haijampa muda wa kulitimiza. Siwezi kuliita hilo upungufu wa elimu ya mama.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akuruhusu hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha, na wengi hawalijui hilo. Liombe kwa maandishi. Anza kujizoeza kukamua kwa mkono wiki mbili kabla ya kurudi: mikono iliyooshwa kwa sabuni, chombo kilichochemshwa, vidole nyuma ya weusi wa chuchu, bonyeza kuelekea kifuani kisha kamua. Kwa joto la Dar es Salaam usiyaache maziwa nje ya jokofu zaidi ya saa nne, ila kwenye jokofu yanakaa hadi siku nne. Msaidizi ampe mtoto kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha na baadhi ya watoto wakiizoea hukataa titi. Wenzetu wa Kenya wameweka katika sheria yao ya afya ya mwaka 2017 kwamba mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kwao kiwango cha kunyonyesha maziwa pekee kilitoka asilimia 32 mwaka 2008/09 hadi 61 mwaka 2014, kwa hiyo tusiambiwe kuwa mambo haya hayabadiliki.

Baba wa Wiki Nane

Ndugu mwanzisha uzi, naomba nisaidiwe mambo mawili. Mtoto wetu ana wiki nane na analia kila jioni kama ulivyoeleza. Mama yangu anasema tumembemenda, na mke wangu sasa hataki hata kumpeleka kliniki, anaona haya.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana kwa kulisema hadharani, kaka, kwa sababu hili la kubemenda linaumiza watoto wengi kimya kimya. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hakuna njia yoyote mwilini ambayo mbegu za baba zinaweza kupita zikaingia titini, na mtoto hawezi kulegea viungo kwa sababu wazazi wake wamelala pamoja. Madhara makubwa ya imani hii ni kwamba huugeuza ugonjwa wa mtoto kuwa kesi ya uaminifu wa mama. Mtoto anadhoofika, mama anaogopa kwamba kila atakayemwona atajua "alichofanya", basi anamficha, au anamwachisha ziwa ghafla kwa kudhani anamwokoa.

Wazee hawakuona kitu hewa, lakini. Waliona kwamba mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto wa kwanza huachishwa kwa ghafla na kudhoofika. Jina lenyewe la kwashiakoo, ule ugonjwa wa utapiamlo, ambalo daktari Cicely Williams aliliingiza kwenye vitabu vya tiba miaka ya 1930, limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana, nao walilitumia kwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titini mdogo wake anapokuja. Dawa ya hilo ni kupanga uzazi. Hata mama akipata mimba, kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila vizuri na akifuatiliwa kliniki.

Kuhusu kilio: leo na kesho hesabu nepi zilizolowa kwa saa 24. Muulize mkeo kama anasikia mtoto akimeza. Jioni mchukue wewe umweke kifua kwa kifua, umtembeze, umrudishe titini anapotafuta, na umwombe mama ampikie mzazi chakula badala ya kumkorogea mtoto uji. Kesho kutwa mpelekeni kupimwa, nawe uende nao, kadi uishike mwenyewe. Akiwa na homa, akishindwa kunyonya, au akiwa mlegevu, msisubiri kesho kutwa. Ondokeni usiku huo huo.

Nimeulizwa faragha pia na dada mmoja anayeishi na virusi vya UKIMWI kama anyonyeshe au la, na naomba nijibu hapa kwa faida ya wengine. Ukimeza dawa zako kila siku bila kuruka, na mtoto akipewa dawa za kinga kama ulivyoelekezwa, nyonyesha maziwa pekee miezi sita, kisha endelea pamoja na chakula, kwa muda mtakaokubaliana na mhudumu wako. Kabla ya miezi sita usichanganye. Utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa pekee.

Baba wa Wiki Nane

Nimerudi kutoa taarifa. Nepi zilikuwa saba jana na nane leo. Leo tumetoka kupima: alizaliwa na kilo 2.9, sasa ana kilo 4.6. Mama alikuwa anatusubiri mlangoni, na jambo la kwanza alilouliza ni mzani umesema nini. Sijui nianzie wapi kumweleza.

Mwanzisha uzi

Alhamdulillah, na mpe pole mkeo kwa wiki alizopitia. Keti na mama, mfungulie kadi, mwonyeshe kwa kidole mstari ulipoanzia na ulipofika leo, na umwambie kuwa hicho chote kimetoka titini. Kisha mwombe awe yeye wa kuishika kadi mwezi ujao mtakapokwenda.